Matanga ya Mapema kwa Figo za Philister

Mimi nina sauti ya kifo. Ndivyo nilivyoambiwa na watu wengi, na kwa miaka mingi niliichukua kuwa sifa. Mchana nilikuwa tarishi wa kampuni moja ya bima pale katikati ya mji, nikipanda na kushuka ngazi na bahasha za watu wengine, na hakuna aliyejali nikisema au nikinyamaza. Lakini Jumapili nilikuwa Nashon Odero, mtangazaji wa chama cha mazishi cha watu wetu wa kutoka magharibi tulioishi Riruta, Satellite na Kawangware. Mtu wetu akifia Nairobi, mimi ndiye niliyesimama mbele ya kanisa na kueleza nani ametutoka, ni wa ukoo gani, ameacha nani, na tukutane lini kule juu karibu na chumba cha maiti ili tuusindikize mwili kwenye lori la kwenda nyumbani.

Kazi hiyo niliifanya kwa ufundi. Wengine walitangaza kifo kama bei ya sukari. Mimi nilianzia mbali, kwa babu wa marehemu na mto uliopita karibu na boma lao, na nilipofika kwenye neno "masikitiko" nilinyamaza kidogo nikatazama paa. Akina mama walikuwa wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani. Mmoja wao aliniambia anaomba Mungu amchukue mimi ningali na meno yangu, nisije nikamtangaza kwa kithembe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi niliposifiwa nilikwenda River Road nikashonewa koti jeusi la kutangazia.

Kitu kimoja sikukitangaza kamwe: mtu amekufa kwa nini. Tulikuwa na maneno yetu ya kufunikia, "baada ya kuugua kwa muda mfupi," na niliyapenda kwa sababu yalikuwa laini mdomoni. Aliyeugua wiki moja na aliyeugua miaka mitatu, wote niliwapa muda mfupi.

Mke wangu Philister hakuwahi kuingia katika kundi la walionistaajabia. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yetu ya kupanga pale Satellite, na alisema mimi ndiye mwanamume pekee anayemjua ambaye hupendeza watu wakifa. Nilikuwa nikicheka naye, ingawa nilikuwa nikiumia kidogo.

Mwaka wa 1975 Philister alianza kunenepa. Asubuhi uso ulikuwa umejaa kama andazi, na jioni miguu ilimwagika nje ya kandambili. Siku zile unene wa mke ulikuwa ndio cheti cha mume. Jirani wakanipa mkono: "Odero, naona kazi ya bima inalipa!" Kazi ya bima haikuwa ikilipa chochote kipya, lakini mtu akikupongeza utamkatalia? Nilitembea kifua mbele mtaa mzima kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakimuua mke wangu.

Aliyeniamsha ni mwenye nyumba, Nyokabi, ambaye sote tulimwita Mama Muthoni kwa jina la binti aliyekuwa amemzika miaka miwili kabla. Alikuja kuangalia bomba, akamwona Philister, akainama bila salamu, akamfinya mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, halirudi.

"Baba Odhiambo, hii si mafuta," akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu. "Hii ni maji. Muthoni wangu alianza hivi hivi. Peleka huyu mama hospitali, na usingoje kesho."

Kule hospitalini, upande wa Upper Hill, tulimpata daktari kijana aliyeitwa Mwololo. Hakuzunguka. Alisema figo za Philister zimechoka, hazichuji tena, na uchafu unabaki kwenye damu. Halafu akasema ipo njia: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, yakakaa, yakavuta uchafu, yakatolewa. Mgonjwa akifanyiwa hivyo kila mara, anaishi.

"Sasa tunangoja nini, Daktari?"

"Maji," akasema.

Nikamwambia nimeona bomba pale nje na linatoka vizuri kuliko letu. Aliniangalia kwa huruma ambayo mpaka leo ikinijia nasikia aibu masikioni. Maji hayo, akanieleza polepole, huja kwa chupa kutoka ng'ambo, na ofisi inayoagiza dawa haikuwa ikiyaagiza ya kutosha. Alikuwa amewaandikia. Walimjibu kwamba ugonjwa huo ni wa nadra.

"Nina chupa za kumshikilia mama siku chache. Zikiisha, sina kitu. Mimi ni mwajiriwa, Mzee, nikipiga kelele nitahamishwa. Nyinyi wananchi ndio mnaweza kwenda kuuliza."

Ofisi hiyo sitaitaja jina, kwa sababu mkwe wangu amepata kazi huko sasa. Ilikuwa katika nyumba ya zamani ya wazungu wa reli, ng'ambo ya barabara kutoka hospitali, na bomba la moshi likingali juu ya paa na ua wa kayaba ukiizunguka. Nilivaa koti jeusi. Nilipitishwa mlango hadi mlango mpaka nikafika kwa bwana mmoja aliyevaa suti ya Kaunda, mtu mpole, mwenye sahani ya biskuti mezani. Nilimweleza habari za figo. Nilianzia kwa babu yake Philister.

Alinisikiliza mpaka biskuti zikaisha. "Mzee, pole sana," akasema. "Lakini mgonjwa mmoja ni bahati mbaya. Serikali haiwezi kuagiza shehena ya chupa kwa sababu ya bahati mbaya. Kama watu wa hii ugonjwa ni wengi, iko wapi?"

Nilitoka nimeudhika, lakini njiani kwenda chini mjini nikafurahi. Watu! Watu ndio ninao. Mimi ninayejaza barabara kwa ajili ya maiti, nitashindwa kuijaza kwa ajili ya mtu aliye hai? Jumamosi nikaenda kwenye kikao cha chama, kule Kawangware, nikasimama mbele ya mwenyekiti wetu, Mzee Were, nikaomba chama kije nami langoni pa ile ofisi.

Mzee Were alikuwa karani mstaafu wa reli na aliijua katiba ya chama kuliko Zaburi. Akafumba macho, akauliza, "Odero, katiba yetu inamhudumia nani?"

"Marehemu, Jaduong'," nikamjibu, maana ndivyo tunavyowaita wazee wetu.

"Na Philister ni marehemu?"

"Bado."

"Basi na sisi bado."

Watu wakaitikia kwa koo. Mwingine akaongeza kwamba kumkusanyikia mtu aliye hai, kwa miguu ileile inayosindikiza maiti, ni kumwitia kifo, na kama nimemchoka mke wangu niseme. Ni Ajwang peke yake aliyeinua mkono. Ajwang alikuwa mpiga ngoma wetu, mtu wa maneno machache. Akasema, "Mimi nitakuja. Hata kama ni mimi na ngoma tu." Wakamcheka, na mimi, Mungu anisamehe, niliona aibu kwamba jeshi langu zima ni mtu mmoja na ngozi ya ng'ombe.

Niliondoka pale na hasira iliyonitoa machozi. Watu hawa walikuwa tayari kukesha njia nzima mpaka ziwani na mwili usiowajua, lakini kuvuka barabara moja kwa ajili ya mtu anayeweza kuwashukuru, hapana.

Nikaamua kuwapita viongozi na kwenda kwa waumini wenyewe. Jumapili niliomba nafasi ya matangazo. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa urahisi kabisa: mke wangu anaugua figo, hospitali haina maji ya dawa, tukutane Jumanne asubuhi kule juu, tukawaombe wakubwa. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuyasema hayo.

Lakini nilisimama mahali pale ninaposimama siku zote, na koti lile nimelivaa, na mdomo ukaenda wenyewe kwenye njia iliyouzoea. "Ndugu na dada zangu katika Bwana, ni kwa masikitiko makubwa..." Nikanyamaza. Nikatazama paa. Benchi za akina mama zikaanza kulia. "...kwamba nawaletea habari za Philister, binti wa kutoka Gem, mke wa Nashon Odero, mama yake Odhiambo..." Hapo kilio kikapasuka kweli. Na mimi, kwa kulitaja jina la mke wangu mahali nilipozoea kuyataja ya wafu, nikaanza kulia nami. Nilisema yaliyobaki yote, ya figo na ya chupa na ya wakubwa, lakini niliyasemea kwenye leso. Kilichosikika ni "Jumanne, saa mbili, kule juu."

Msomaji ameshaelewa. Mimi sikuelewa.

Mzee Were alinishika mkono nje ya kanisa, macho mekundu. "Sasa, Odero," akasema, "jambo lako limeingia kwenye katiba." Nikamshukuru, nikadhani Roho amemshukia. Jioni watu wakajaa nyumbani na unga na sukari na majani ya chai, wakaketi kimya, wakinipapasa mgongo. Hakuna aliyeniuliza neno, kwa sababu kwetu aliyefiwa hahojiwi, na mimi sikusema neno kwa sababu nilikuwa nimeshiba heshima. Nilijiambia kwamba nimezaliwa kuongoza umma. Caren, mke wa Ajwang, aliniuliza tu nguo za Philister nimezifanya nini. Nikamjibu kwamba nimempelekea mbili, zingine ziko sandukuni. Akalia sana.

Jumanne asubuhi nilishuka Ngong Road nikiwa nimebeba hotuba kichwani. Nilipofika niliona umati ambao sijauona hata kwa mazishi ya wakubwa. Barabara imejaa. Kina mama wamefunga vitambaa kichwani, wanaume wameomba ruhusa kazini, na nyuma yao lori limeegeshwa, limetandikwa majani. Ajwang alikuwa anapiga ngoma ya msiba. Hata Mama Muthoni alikuwapo, amesimama kando na shali yake. Nikatokwa na machozi ya fahari.

Mzee Were akanijia. "Mwili uko wapi?"

"Mwili gani, Jaduong'?"

"Wa Philister."

"Uko wodini," nikasema. "Unakunywa uji."

Wodi ilikuwa ghorofani, dirisha linatazama barabara, na Philister alikuwa ameshaisikia ngoma ya Ajwang, ambayo aliijua kama sauti ya jogoo wake. Akavuta pazia kuona nani amekufa. Akaona watu wa kanisa lake wote. Akapunga mkono.

Caren alirudi nyuma akaketi ndani ya ua wa kayaba, na miiba ya kayaba haina adabu. Wengine walikimbilia lori. Mzee mmoja aliita jina la Yesu na la kituo cha polisi kwa pumzi moja. Walipopata akili wakanigeukia, na maneno niliyoambiwa siyaandiki. Waliacha kazi, walisema uongo kwa wakubwa wao, walikodi lori! Nilijitetea kwamba sikusema amekufa. Mtu akafoka, "Lakini ulinyamaza ukatazama paa!" Na ni kweli nilitazama.

Walikuwa wameanza kuondoka. Mama Muthoni akafungua shali, akaifunga upya kiunoni kama mtu anayetaka kupalilia.

"Nyinyi watu mnaenda wapi?" akauliza. "Mimi nimekuja kulia, na nitalia. Muthoni wangu nilimlilia akiwa kwa sanduku. Hakusikia hata kidogo. Huyu iko pale, inasikia. Kama nyinyi mnapenda kulia kwa sanduku peke yake, endeni mngoje sanduku."

Kisha akalia kweli. Hakulia kwa sababu yetu, na sidhani alilia kwa sababu ya Philister. Ajwang akaangalia ngoma yake, akaangalia dirisha, akaanza kupiga tena.

Yule bwana wa suti ya Kaunda akatoka nje ya nyumba ya reli, biskuti mkononi. Aliona umati, lori, na mimi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Nilifungua mdomo, na watu kadhaa wakasema kwa pamoja, "Wewe nyamaza!" Mzee Were akajitokeza mbele. Alikuwa bado na hasira juu yangu.

"Bwana mkubwa, hakuna mtu amekufa," akasema. "Sisi ni chama cha mazishi. Kazi yetu ni kuja baadaye. Leo huyu mjinga ametuleta mapema." Akaangalia lile dirisha. "Na sasa tumemwona. Mtu akishaona, hawezi kurudi nyumbani kungoja."

"Lakini nilimwambia huyu mzee, ni mgonjwa mmoja tu."

"Wawili," akasema Mama Muthoni. "Wangu alivimba miguu, akavimba uso, akaacha kukojoa. Nimemzika Dagoretti."

"Watatu," akasema mwanamume mmoja wa nyuma, fundi wa matofali. "Ndugu yangu Ochola. Ilikuwa hivyo hivyo."

Halafu wakaendelea. Mke wa mmoja, baba wa mwingine, shemeji aliyekuwa mpishi kwa mzungu wa Loresho na aliyedhaniwa amenenepa kwa siagi. Hawakupiga kelele. Kila mtu alitaja jina na jinsi mtu wake alivyovimba, na yule bwana akabaki amesimama na biskuti yake asijue aiweke wapi.

Na mimi niliwajua wote. Hakuna jina lililotajwa pale na watu wa kanisa letu ambalo sikuwa nimelitangaza mwenyewe, kwa sauti yangu nzuri, nikitazama paa. Muda mfupi, nilisema. Wote muda mfupi. Yule bwana aliniuliza wagonjwa wako wapi, nami nilikuwa nimewasindikiza mmoja mmoja mpaka kwenye lori bila kujua nabeba nini. Niliona aibu hapo ambayo haikuwa na kichekesho ndani yake.

Chupa hazikuja siku ileile. Mambo ya ofisi hayaendi hivyo. Tulirudi langoni mara kadhaa, na mara ya pili Mzee Were alitaka kujua kwanza kama lori litahitajika. Lakini Daktari Mwololo aliitwa akaulizwa, na hakuhamishwa, na chupa zikaja kabla zake hazijaisha kabisa. Vikatengwa vitanda viwili kwa ajili ya watu wa figo tu. Chama nacho kilikaa siku nzima kurekebisha katiba, na baada ya ugomvi mrefu kikapitisha kwamba kitawahudumia marehemu, pamoja na wale ambao chama kisingependa wawe marehemu.

Philister alipopata nguvu za kuketi alitaka habari za msiba wake.

"Caren alilia?"

"Alilia."

"Machozi, ama ile sauti yake ya kanisa?"

"Machozi. Halafu miiba."

"Na wewe ulinisifu ukasema nini?"

Nikakumbuka kwamba nilitaja kwao, mume wake na mtoto wake, lakini yeye mwenyewe sikusema lolote. Nikamwambia sikumaliza. Akasema hata yeye hajamaliza.

Alirudi nyumbani amekonda, kimbaombao, na hakuna jirani aliyenipongeza. Kila Alhamisi alikwenda kulala hospitali siku mbili, akasafishwa, akarudi kwenye cherehani. Ikikaribia Alhamisi alianza kuvimba na kukosa pumzi. Ikipita, alikuwa mtu tena. Tukaishi hivyo kama watu wanaoishi kwa ratiba ya gari moshi. Mimi nikawa mtu mkubwa. Niliitwa kwenye makanisa mengine kueleza habari za figo, na nilieleza, nikasema kwa vidole vilivyonyooshwa kwamba hatupiganii mtu mmoja, tunapigania wagonjwa wote wa nchi hii.

Mwaka uliofuata, baada ya Krismasi, uso wa Ajwang ukaanza kujaa.

Walimleta Jumatano, hajitambui vizuri. Kitanda kimoja kilikuwa na mwalimu wa kike ambaye mrija ulikuwa tayari tumboni. Kingine kilikuwa cha Philister kesho yake. Daktari Mwololo alituita sote mlangoni mwa wodi, akasema zamu nyingine iliyo wazi ni ya Jumatatu, na Ajwang hafiki Jumatatu.

Philister, aliyefika mapema kungoja Alhamisi yake, alikuwa ameketi kwenye kiti, kifua kikipanda na kushuka. "Mpeni zamu yangu," akasema.

"Hapana!" nikapiga kelele.

Wodi nzima iligeuka. Nilisema Ajwang angoje. Nilisema ni mpiga ngoma, amezoea kungoja wimbo uanze. Nilisema tulikuja kwanza, lango tulilifungua sisi, na maneno mengine ya mtu anayegombania nafasi bombani. Caren alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na aliyasikia yote.

Philister alicheka mpaka akakohoa. "Baba Odhiambo," akasema, "wewe si ulikuwa unapigania figo za nchi nzima? Sasa umebaki na zangu mbili, na zenyewe mbovu?"

"Utakufa," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo bila kulizungushia babu wala mto.

"Daktari anasema mimi naweza kufika Jumatatu. Ajwang hawezi. Alinipigia ngoma nikiwa hai, wengine walikuwa wanatafuta sanduku. Mpeni."

Wakampa. Mimi na Caren tulikaa benchi moja pale nje, kila mmoja akimwombea wake, na kitanda kilikuwa kimoja. Sijui Mungu alitupanga vipi. Hatukuangaliana. Ijumaa Ajwang alifungua macho akaomba chai. Philister alizipitisha siku zile akiwa ameketi wima kwenye kiti chetu pale Satellite, kwa sababu akilala anazama. Mama Muthoni alimsugua mgongo. Mimi niliosha miguu yake, na kila nilipoishika vidole vyangu viliacha mashimo. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, na hakukuwa na mtu wa kunisifu kwa jinsi nilivyoogopa.

Jumatatu alifika akiwa hai, akaingia kwenye kitanda, na mrija ukawekwa. Lakini Jumatano, kabla hajapona vizuri, akasema tumpeleke langoni.

Chama kilikuja chote, kwa mujibu wa katiba. Watu wakanitazama mimi, mtangazaji, na nikagundua sina cha kutangaza. Maneno yangu yote yalikuwa ya watu waliokwisha kwenda. Philister alisukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka mbele ya yule bwana. Mimi nilisimama nyuma nimemshikia viatu, maana miguu haikuingia. Alisema kwa sauti ndogo, akipumzika kila baada ya maneno machache, jinsi figo zinavyochoka, jinsi Alhamisi inavyokuwa ndefu, na jinsi alivyokaa kwenye kiti siku nne akihesabu pumzi kwa sababu vitanda ni viwili na wao ni watatu. Hakuna aliyelia. Bwana yule aliagiza kiti, akaketi ili asikie vizuri.

Alipomaliza, akainama karibu naye. "Mama, hii maneno yako imenigusa," akasema. "Wacha niseme nao huko ndani, wewe uwe na kitanda yako mwenyewe. Hakuna mtu mwingine atalala hapo."

Ndiyo, nikasema moyoni. Ndiyo, ndiyo, chukua! Nashukuru kwamba siku hiyo sauti yangu nzuri ilikataa kutoka.

"Changu ninacho," Philister akamjibu. "Nataka cha yule anakuja."

Kitanda cha tatu kililetwa baada ya Pasaka. Mtu wa kwanza kulazwa juu yake hakuwa wa kanisa letu wala wa chama chetu. Nilimwona tu amejifunika blanketi hadi shingoni, amegeukia ukuta. Philister, mrija ukiwa tumboni mwake kwenye kitanda cha pili, akanituma nikamsalimie nimwulize jina lake.